Nyembe Arobaini na Moja

“Ulibadilisha wembe?”

Daktari aliniuliza mara ya pili, taratibu, kama mtu anayemuuliza mtoto kama amenawa mikono. Mbele yake, kwenye kioo cha mashine, kilima kilisimama mahali ambapo hakikutakiwa kuwapo. Nyuma yangu, mlangoni, shangazi alikuwa amesimama na fagio lake. Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilipanda mpaka kwenye meno, likakaa hapo.

Shangazi ndiye aliyeniingiza katika jengo lile la mimea. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano, na shule ikaishia hapo. Yeye, dada wa baba, alikuwa mkuu wa wafagiaji, akaenda kwa Daktari, mtafiti mkuu wa pale, akanisemea. “Maneno hana huyu, lakini mikono anayo.” Nilianza kwa kumwagilia miche. Mwaka wa pili nikapewa kisahani na wembe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachukua kipande cha jani, ukubwa wa ukucha, unakiweka kwenye kisahani pamoja na kipande cha jani la njegere, kwa sababu kipimo cha njegere kinajulikana. Unamimina dawa kidogo, halafu unakatakata mpaka upate uji wa kijani. Uji unachujwa, unatiwa rangi, mashine inaunywa, na kwenye kioo vinatokea vilima viwili: cha njegere na cha ua letu. Kilima cha ua kikisogea kulia, ua hilo limebeba mengi ndani yake. Jani moja, wembe mmoja. Ukishatumika unatumbukia kwenye kopo la bati, na jioni shangazi analibeba kopo kwenda kulimwaga.

“Wembe,” fundi wa mashine alipenda kunitania, maana jina hilo ndilo lililonishika, “siku ukiolewa, mume akichelewa kurudi utamchuja.”

Nilicheka kwa kuinama. Hata kucheka nilikuwa naona aibu.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Siku moja alivuta kiti karibu na meza yangu akanieleza tulichokuwa tunapima. Alisema ndani ya kila chembe ya mmea kuna kitabu. Kuna ua dogo la bustanini lenye kitabu kinene kuliko cha mti mkubwa, na unene huo si akili: kurasa nyingi ni zilezile, zimejinakili zenyewe mara maelfu. Pengine mmea unazaliwa na kitabu kizima mara mbili. Halafu, vizazi kwa vizazi, unaanza kutupa kurasa.

“Unatupa zipi?” niliuliza. Nadhani ndilo swali pekee nililowahi kumuuliza.

“Zile ambazo hakuna atakayegundua kuwa hazipo,” akasema, akanyanyuka.

Maua yetu yalikuwa ya njano, madogo, ya kando ya barabara. Yote yalitoka kwenye mbegu za mama mmoja, na Daktari alikuwa ameshaandika kwamba yote yana kitabu kimoja. Kilichobaki ni kuthibitisha. “Tukimaliza salama,” aliniambia, “nakuajiri rasmi. Fundi msaidizi.” Nililirudia neno hilo njiani nikienda nyumbani, peke yangu, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayesali.

Lakini mikono yangu ilikuwa inajua jambo. Miche ya meza ya ukutani ilichelewa kuchanua. Majani yake yalikuwa mazito, kama ngozi ya sikio, na wembe uliopita kwenye mengine kama kwenye karatasi ulikwama humo. Nilijiambia nitamweleza Daktari kesho. Kesho ikawa mtondo, mtondo ikawa mtondogoo.

Siku ya meza ya ukutani nilikata majani arobaini na moja, yote kwa jumla. Machache ya kwanza, asubuhi, yalikuwa ya ua jingine, la bustani, ambalo kilima chake huwa kulia zaidi. Basi majani tisa ya ukutani yalipotoa kilima mahali palepale, Daktari aliona jambo moja tu: uchafu. Msichana kachoka, karudia wembe uleule, mabaki ya asubuhi yameingia kwenye uji wa mchana. Na wageni wake walikuwa wanafika Jumatatu.

Mimi nilikuwa nakitazama kioo kilekile. Kilima cha njegere kilikuwa mahali pake. Kile kikubwa kilikuwa kulia. Lakini kile kidogo cha kawaida, cha maua yetu, hakikuwapo kabisa. Kama ingekuwa uchafu, vyote vingekuwapo. Uchafu unaongeza, hauondoi. Nililiona hilo waziwazi, mtu wa darasa la tano.

Daktari akamgeukia shangazi. “Kopo ni lako. Nyembe zilikuwa ngapi jana?”

Kopo alikuwa nalo, amelining'iniza kwenye kidole. Alinitazama mara moja, haraka, kama mtu anayetazama saa ukutani. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu.

“Mimi nafagia tu, Daktari,” akasema. “Ya nyembe siyajui.”

Niliachishwa kazi, nikaondoka kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyenifokea. Fundi wa mashine alijifanya anafuta kioo.

Sasa nakata mboga jikoni hospitalini. Jumapili iliyopita, saa nne asubuhi, nikiwa namenya karoti, shangazi alikuja nyumbani kwangu, ana wiki mbili tangu astaafu. Nikammiminia chai; alikaa kwenye ukingo wa kiti akazungumzia miguu yake, mvua, majirani. Halafu akasema, akiangalia sakafu, kwamba yale maua ya ukutani yamejaa nyumba nzima ya vioo, ile ya kuoteshea miche. Yamepimwa upya. Yana kitabu mara mbili, yamejizidisha yenyewe, na wageni wanatoka mbali kuja kuyaona. “Daktari anawaambia yeye ndiye aliyeyagundua, kwa kuwa kilima kidogo hakikuwapo.”

Nikaendelea kumenya karoti.

Akafungua mkoba, akatoa kopo la bati, akaliweka mezani katikati yetu. “Sikulimwaga,” alisema. “Siku ile nilizihesabu, kabla hata hujaitwa. Nilizihesabu mara mbili.”

Nililifungua. Nyembe zilikuwa zimeota kutu na kushikana, donge moja jekundu. Nilijaribu kubandua ya juu kwa ncha ya kisu, ikavunjika.

“Arobaini na moja,” shangazi akasema. “Wallahi, mwanangu. Arobaini na moja.”

“Najua, Shangazi.”

Alingoja. Alikuwa amekuja kuchukua neno la msamaha, na mara moja maishani mwangu neno nilikuwa nalo, tayari, mdomoni.

Nikafunika kopo, nikalisogeza upande wake wa meza.

“Chai inapoa,” nikamwambia.