Nzi Arobaini na Mmoja

Nabor Luévano alirudi Mesa Chica na mgongo mbovu na tabia ya kunusa kila kitu. Huko Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amechuma machungwa, amepara samaki, ameezeka mabati katika miji ambayo hata majina hayakumbuki. Nyumbani alikuta mipera mia na arobaini ya baba yake, na kila pera la nne ukilipasua lina funza. Basi akaamua kupambana na nzi wanaotaga ndani ya mapera.

Alijaribu siki ya nanasi. Nzi walikuja, nyuki wa jirani wakaja, na jirani mwenyewe akaja. Alijaribu mkojo wake wa siku tatu ndani ya chupa. Haukuwa mbaya, ila mkewe, Chona, alimwambia achague kulala na yeye au na zile chupa. Mwaka wa tano ndipo alipopata: machicha ya pombe nyekundu ya matunda ya mpungate, ile anayoipika Chona kila Agosti, yaliyolala mtungini wiki tatu na kijiko cha majivu. Aliyatia katika chupa za soda zilizotobolewa matundu manne, unene wa kalamu ya risasi, shingo akaipaka rangi ya njano kama pera lililoiva. Tundu likiwa juu mno harufu haifiki mbali. Likiwa chini mno upepo unamwaga chambo. Hilo nalo lilimla mwaka mzima kulijua.

Mwaka alipokwisha kulijua, serikali ilikuwa inahesabu nzi wa Mesa Chica. Kila shamba lilikuwa na mtego mmoja wa serikali, kitako cha njano na kifuniko kinachopitisha mwanga, na ndani yake maji yenye vidonge vya hamira. Kila Jumanne alikuja Noemí, binti aliyesomea kilimo, ambaye wote walimwita Inge, yaani mtaalamu. Alimwaga maji katika chujio, akahesabu. Zikipita wiki kumi na mbili bila mtego wowote kuzidi nzi wawili, mapera ya kijiji yanapata kibali cha kuvuka mpaka. Wakizidi popote, kijiji kizima kinaanza upya. Walikuwa wamefika wiki ya tisa.

"Chambo chako ni hafifu kama uji wa mgonjwa," Nabor alimwambia Inge wiki ile ya tisa. "Nzi wapo. Wangu wanajaa."

"Don Nabor, wewe una chupa themanini, mimi nina mtego mmoja. Hata ukitundika viatu themanini, nzi ataingia."

Neno hilo lilimkaa kifuani. Binti alikuwa na haki kusema hivyo, na hilo ndilo lililomuudhi. Ili mtu ajue, mtego uwe uleule, mti uwe uleule, kibadilike chambo tu. Ijumaa alimwaga maji ya mtego wa serikali, akatia machicha yake. Alipanga kuhesabu Jumatatu jioni, kuosha mtego, kurudisha vidonge, kisha kumweleza Inge baada ya kibali kutoka, wacheke pamoja.

Alichosahau ni kwamba Jumanne ile ilikuwa Siku ya Wafu. Nani angefanya kazi siku ya kwenda makaburini? Jumatatu asubuhi, Nabor akiwa anachambua maharage, pikapu ya Inge ikaingia. Kando yake alikaa Tiburcio, mwenyekiti wa kijiji, ambaye pia alimsimamia binti wa Nabor ubatizo, hivyo waliitana compadre.

Hakukuwa na la kufanya ila kuwafuata.

Inge alimimina. Chujio likawa jekundu. Akahesabu kwa kibano, midomo ikicheza, kisha akahesabu tena.

"Arobaini na mmoja."

"Arobaini na nini?" Tiburcio alivua kofia. "Inge, hapo kuna mbu, kuna mavumbi. Angalia vizuri."

"Ni nzi wa mapera, don Tiburcio. Na maji haya yananuka sherehe." Hakumtazama Nabor; alitazama karatasi yake. "Nina njia mbili. Kama mtego haukuguswa, naandika arobaini na mmoja, mnaanza kuhesabu upya. Kama umeguswa na mwenye shamba, hesabu ya leo inafutwa, na shamba hili linatoka kwenye orodha ya kuvuka mpaka hadi msimu ujao. Lakini lazima mtu aseme. Siandiki kwa kunusa."

"Compadre," Tiburcio alisema polepole, "si upepo? Si mtoto wa mtu kapita na pombe yake?"

Nabor alijua hesabu vizuri kuliko wote wawili. Mashamba ya wenzake yalimwagiliwa mapema; mapera yao yangeiva Desemba, na wakianza upya yangeozea mitini. Yeye alikuwa amechelewesha maji. Yake yangeiva Machi. Akinyamaza, wiki kumi na mbili mpya zingeisha mwishoni mwa Januari na mzigo wake ungevuka mpaka bila doa, mwaka wa kwanza maishani mwake ambao alipasua mapera mabichi hamsini asione funza hata mmoja. Neno alilotakiwa kusema lilikuwa dogo tu: sijui.

Alitazama chujio. Arobaini na mmoja, kwa siku tatu. Alitamani kufurahi.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka kuona."

"Kuona nini, mpumbavu wewe?" Tiburcio akafoka.

"Kama ni chupa au ni chambo."

Inge akaandika. Akasuuza mtego, akatia vidonge vipya, akamwomba Nabor aweke sahihi. Tiburcio alirudi kwenye pikapu bila kuaga, halafu akashusha kioo. "Compadre! Hiyo takataka yako, niwekee galoni mbili. Kama nzi wako kwako, kwangu pia wako."

Kibali kilitoka mwishoni mwa Novemba. Desemba malori yalipita mbele ya nyumba ya Nabor yakiwa yamejaa. Machi aliangua mapera yake, makubwa, safi, na Chona akayapika jemu ngumu ya kukatwa kwa kisu. Uani palijaa sufuria na moshi, na mgongo wa Nabor ulipinda kwa kukoroga.

Siku moja katikati ya kazi hiyo Inge alikuja na mitego miwili mkononi.

"Shamba lako halihesabiwi," alisema. "Kwa hiyo hapa naweza kutundika ninachotaka. Chambo changu mti huu, chako ule. Tuone."

Nabor aliweka mwiko chini. "Ule wa ukutani unapata jua la jioni. Kila wiki tubadilishane miti, la sivyo tutakuwa tunapima jua."

"Sawa, don Nabor."

Wiki nne walibadilishana. Cha Inge kilipata tisa, kumi na mmoja, saba, tisa. Cha Nabor hakikushuka chini ya thelathini. Inge aliandika yote kwenye daftari lake mwenyewe, kisha akauliza kama anaweza kupata lita ishirini za machicha apeleke mjini.

Nabor alimgeukia mkewe.

"Mtungi umebaki tope," Chona alisema bila kuacha kukoroga. "Matunda ya mpungate huiva Agosti. Waambieni nzi wangoje."