Chafya Namba Kumi na Mbili

Jumatatu saa mbili asubuhi, nesi wa chanjo alifungua kijokofu chake katika chumba cha chai cha wodi ya mifupa, akapanga pamba na sindano juu ya taulo safi, akasubiri. Ilikuwa chanjo ya homa ya mafua, dozi arobaini, kwa wahudumu wa afya wote. Hadi saa sita walikuwa wamekuja watatu, na mmoja wao alikuwa anatafuta sukari.

Daktari mkuu wa wodi alichungulia mlangoni.

"Miaka ishirini sasa sijui mafua yana rangi gani," alisema, kisha akapiga chafya.

Chafya haikupotea. Ilitua sakafuni, ya kijivu, kubwa kiasi cha kuku, ikajikung'uta na kumfuata.

Kufikia Jumatano ilikuwa inapita raundi peke yake. Wagonjwa waliizoea. Bibi wa kitanda cha sita, aliyevunjika nyonga, hata aliipa nafasi miguuni pake.

"Keti, mjukuu wangu, ila usinisogelee."

Ikasogea. Ijumaa bibi alikuwa na homa kali, akawekewa oksijeni. Daktari aliandika kwenye faili: *chanzo hakijulikani*. Chafya ilimshikia faili.

Aliyeifukuza ni mama wa usafi peke yake. Kila asubuhi aliisukuma nje kwa dekio, nayo ikarudi kupitia dirishani. Ijumaa hiyo alikwenda kwa nesi, akapandisha mkono wa sare yake.

"Nichome, mwanangu. Lile dude linanipumulia usoni kutwa nzima."

Nesi aliipitia orodha mara mbili. "Mama, jina lako halipo. Hii ni ya wahudumu wa afya, na watu wa usafi mko chini ya mkandarasi. Kila dozi lazima niitolee hesabu kwa jina."

"Kwani mimi nahudumia ng'ombe?"

Nesi aliona haya. Jioni ile aliandikia utawala barua ya kurasa mbili, akaeleza habari za bibi, za chafya na za mama wa usafi, akaomba orodha irekebishwe.

Utawala ulijibu upesi kuliko kawaida yake. Jumatatu orodha mpya ilifika na mhuri wa buluu. Chafya ilikuwa namba kumi na mbili, kwa kuwa ilionekana wodini kila siku na haikuwahi kuchelewa. Ilipewa na kitambulisho. Mama wa usafi hakuwamo.

Saa mbili kamili chafya ilipanda kitini, ikageuza ubavu. Nesi alitafuta mahali pa kuchoma, akapaona, akachoma.

"Pole," aliiambia, kwa mazoea.

Nje, mama wa usafi alikohoa, akaegemea ukuta. Nesi alimpelekea kiti.

"Bibi wa sita anaendeleaje?" mama aliuliza.

"Leo amekunywa uji."

"Basi afadhali," alisema, akainuka, maana nusu ya korido ilikuwa haijadekiwa.