Mke wa Philip

Nafundisha Kiingereza Lurambi, kwa hiyo sina kisingizio. Tofauti ya "separated" na "divorced" naijua vizuri: wa kwanza ameondoka tu, wa pili amefunguliwa. Mimi niliondoka. Kwa miaka sita nilikaa Amalemba bila kipigo, nikaona hiyo inatosha.

Kisha Philip akafa huko Butali, na Makhanu, ndugu yake, akaja kunichukua. Hakuja peke yake. Alimpitia mama yangu kwanza, mjanja huyo.

"Shemeji, jeneza linangoja mwenyewe," alisema.

"Tuliachana, Makhanu."

"Mlikuwa separated. Divorced ni ng'ombe za mahari zirudi kwetu, na sisi hatujaona hata mkia."

Nilimtazama mama anitetee. Alikuwa akitazama sakafu.

"Ng'ombe tulisomesha nazo wadogo zako," mama akasema. "Tutarudisha nini? Enda ukae naye hiyo siku moja, mwanangu. Usituaibishe."

Mtu aliyenivunja mkono, leo nikamlilie? Lakini nikajifariji kiualimu: kifo hakidai ng'ombe wala hakimu. Tukishamzika nitakuwa mjane, na mjane ni mtu huru. Nikajifunga leso kichwani, nikaenda.

Nilikaa kando ya jeneza tangu asubuhi. Mhubiri akaniita mama wa boma. Wanawake ambao hawakuwahi kunijulia hali wakanishika mabega na kuniambia nijikaze. Nikajikaza. Nilingoja amina ya mwisho kama mtoto anavyongoja kengele ya kwenda nyumbani, na ilipotamkwa nikatupa udongo wangu, nikahisi mwili umekuwa mwepesi. Aibu au si aibu, nilifurahi.

Watu walipokwenda kula, Makhanu alinishika kiwiko akanirudisha kaburini. Miwa ilikuwa imefyekwa kuzunguka kaburi, lakini upande wa kushoto walikuwa wamefyeka zaidi, kipande cha kumtosha mtu mmoja kulala.

"Hapa hatutapanda miwa tena," alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionitisha. "Hii ni yako, shemeji. Mke hazikwangi kwao. Hata ukienda kuishi wapi, siku yako ikifika tutakuja kukuchukua."

Niligeuka nitafute pa kupita. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, na alikuwa amesikia yote.

"Asante, baba," akamwambia Makhanu. "Asante kwa kumkumbuka."