Nyumba ya Bi. Ernestine Yavuka Barabara

Jumatatu asubuhi Bi. Ernestine Fortier alifungua mlango wa mbele ili akamwage maji ya maharage, akakuta ngazi haziko mlangoni. Zilikuwa zimebaki pale pale zilipojengwa, ila sasa zilielekea dirisha la sebuleni. Aliziangalia kidogo, akayamwagia maua yale maji, kisha akamwita binti yake Darnelle amletee kigoda cha kushukia.

"Nyumba imesogea," alisema.

"Imesogea upande gani?"

"Upande wa Lavigne."

Darnelle akasema basi sawa, akaenda kutafuta kigoda.

Sababu aliijua. Jana yake alikuwa jikoni akizipanga shule kwenye simu, anayoitaka zaidi ikitangulia, maana New Orleans huendi tu shuleni ukamwandikisha mtoto. Wazazi wa jiji zima huomba mahali pamoja, halafu kompyuta huchezesha bahati nasibu na kumpa kila mtoto shule yake. Darnelle aliitanguliza Lavigne. Walimu wa Lavigne hukaa mpaka wakajua mtoto gani anaogopa nini, na chumba chake cha muziki kina matarumbeta mazima. Wanaoishi ndani ya nusu maili kutoka lango lake hufikiriwa kabla ya wanaokaa mbali. Nyumba ya kina Fortier ilikuwa nje ya nusu maili hiyo, ng'ambo ya barabara kubwa, na iliyokuwa pua na mdomo nayo ni Shule ya Tolliver. Darnelle alisoma Tolliver enzi ambazo mwalimu wa kusoma alikuwa akibadilishwa kama taulo la jikoni, na hali haijageuka tangu hapo. Hadi leo Darnelle husoma huku kidole kikifuata mstari. Binti yake Jolie ana miaka mitano, na Darnelle aliapa kwamba kidole hicho hatamrithisha.

"Laiti nyumba hii ingekuwa kule ng'ambo," ndivyo alivyosema pale jikoni, tena kwa sauti. Kuta za nyumba ile ni za mbao nyembamba, ikasikia.

Nyumba za Kata ya Saba, mtaa wao, kutembea si jambo kubwa. Zimekaa juu ya vinguzo vifupi vya matofali, hazikuzikwa ardhini, na mwaka ule wa mafuriko nyingi zilinyanyuka zikaenda kuelea kwenye mitaa ya watu. Zilizorudi zilirudi zimeshazoea safari. Ya kina Fortier ni nyembamba na ndefu, chumba nyuma ya chumba, ukisimama mlango wa mbele unamwona anayekaanga kamba jikoni. Nyumba ya umbo hilo haina shida ya kupita vichochoroni.

Jumanne ilikuwa imeshaingia uani kwa jirani, mzee Alcide Trepagnier, fundi bomba mstaafu. Mzee alitoka na kikombe cha kahawa, akalalamika kwamba wamemkalia mboga zake. Bi. Ernestine alimwambia angekuwa mtu wa kupalilia asingekaliwa, maana nyumba ilidhani pale ni pori. Wakacheka. Kisha mzee akauliza safari ni ya wapi, naye alipoambiwa Lavigne akaacha kucheka. Alikuwa na mjukuu anayeanza shule mwaka huo huo. Alirudi kwake pole pole, na baadaye Jolie alimwona amesimama kando ya nyumba yake, ameweka kiganja ukutani, anaibembeleza.

Siku iliyofuata walifika barabara kubwa, na hapo nyumba ikaingiwa na woga. Magari yalikuwa hayapungui. Iliweka kona ya kibaraza barabarani, lori likapiga honi, ikairudisha haraka hata vikombe vikaanguka kabatini. Maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa jioni. Darnelle alikwenda kazini roho ikiwa juu juu, akarudi akaikuta pale pale ukingoni, inatetemeka madirisha.

Kilichowaokoa ni kanivali. Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya gwaride la kwanza la msimu, magari yakazuiwa, watu wakajaa kando ya barabara na viti vyao na kuku wao wa kukaanga. Bendi ya matarumbeta ilipita, wakapita wapanda farasi, na baina ya farasi na gari la maonyesho lililofuata pakawa na nafasi. Nyumba ikajitosa.

Polisi wa farasi aliwasogelea akamuuliza Bi. Ernestine, aliyekuwa amekaa kibarazani, wao ni wa kikundi gani.

"Kikundi cha Fortier," Bi. Ernestine alijibu.

"Sawa, bibi. Fuateni farasi, msiwapite."

New Orleans hakuna anayeuliza kitu kinachopita kwenye gwaride kimetoka wapi; mtu huinua mikono tu. Pande zote mbili watu walipiga kelele, nirushie kitu, bibi, nirushie na mimi! Kwa kuwa hakuwa na zile shanga ambazo wa gwaride huwarushia watu, Bi. Ernestine alianza na vibanio vya nguo. Vilipokwisha akarusha vitunguu, halafu rola zake za kusokotea nywele, halafu mapazia ya chumbani ambayo siku nyingi alikuwa akitafuta sababu ya kuachana nayo. Jolie alirusha soksi moja moja, kila mtu yake. Darnelle alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka mpaka akashika nguzo, akaingia ndani na kutoka na vijiko vya mbao na taulo lake mwenyewe likiwa bado bichi. Mwanamume mmoja mnene alidaka sufuria la maharage, likiwa na maharage yake, akalibusu. Bendi ilikuwa ikipiga, nyumba ikashika mdundo, ikawa inatupa kiuno kulia na kushoto huku sahani zinaitikia. Furaha ya namna ile Darnelle hakuwa ameipata tangu ajifungue.

Mbele ya duka la dobi, ng'ambo ya pili, nyumba ikakata kona, ikajipenyeza kwenye kiwanja kitupu, ikatua. Watu waliishangilia kidogo, kisha wakaligeukia gari lililofuata.

Ijumaa mchana alifika Bwana Lionel Gaspard, afisa wa uandikishaji, akisukuma lile gurudumu la kupimia umbali. Alipima kuanzia lango la Lavigne, akafika, akatikisa kichwa. Nyumba ilikuwa imeingia kinyumenyume. Mlango wa jikoni ulikuwa ndani ya nusu maili na mlango wa mbele ulikuwa nje.

"Kanuni inasema mlango wa mbele, mama," alimwambia Darnelle, na hakusema kwa ubaya.

"Mwanangu analala chumba cha nyuma. Yeye yumo ndani ya nusu maili."

"Yeye yumo. Mlango haumo."

Darnelle aliiomba nyumba igeuke. Nyumba ilikuwa imechoka na miguu inaiuma, ikajifanya haisikii. Ndipo Bi. Ernestine alipotoka nje, akaishikia kiuno, akaisema kama alivyokuwa akimsema marehemu mumewe.

"Umekula rangi yangu miaka arobaini. Paa nimekubadilishia. Leo mtoto anakuhitaji hatua mbili tu, unaniletea magoti? Geuka, au nitakuuza kwa watalii."

Nyumba iligeuka. Iligeuka kwa kununa, ikauangusha uzio wa dobi, lakini iligeuka. Bwana Gaspard akapima upya, mlango ukaingia kwa upana wa kiganja, akabonyeza kwenye simu yake kwamba maombi yamekamilika. Darnelle alimkumbatia bila kumuuliza. Afisa alikuwa tayari anatazama nyuma ya bega la Darnelle, kwani nyumba ya mzee Trepagnier ilikuwa imesimama hapo ikisubiri, na nyuma yake nyingine, na nyingine, za kijani, za waridi, zimepanga foleni mpaka barabarani na wenyewe wamekaa vibarazani wanakula.

"Anayefuata," alisema Bwana Gaspard.

Kufikia jioni nusu maili ilikuwa imejaa pomoni. Nyumba zilibanana mpaka ukitaka chumvi unanyoosha mkono dirishani. Wenye majumba makubwa ya matofali, ambao walikuwa wakikaa karibu na Lavigne tangu zamani, walilalamikia maegesho ya magari tu. Majumba yao hayajui kutembea, hayajawahi kuhitaji. Kila mtu alimpikia kila mtu, na mwezi mzima ule mtaa ulikuwa kama harusi.

Matokeo yalitoka majira ya kuchipua, kwenye simu. Viti vya Lavigne vilikuwa vimechukuliwa kwanza na wadogo wa watoto ambao tayari wanasoma pale, ndio wale wa majumba ya matofali, kisha na watoto wa wafanyakazi. Vichache vilivyosalia vilikuwa vya watu wa nusu maili, na nusu maili sasa ilikuwa karibu jiji zima. Darnelle alisoma ujumbe huku kidole kikifuata mstari, akaurudia. Jolie amepangiwa Tolliver. Chini yake waliongeza kwamba Tolliver ina nafasi tele, kwa kuwa hakuna tena anayeishi jirani nayo.

Alilia, hakuficha. Mama yake alimshika bega. Walipoiuliza nyumba kama itawarudisha, ilikataa katakata. Ilikuwa imeshaelewana na ya pembeni.

Siku shule zilipofunguliwa, basi lilikuja kabla jua halijatoka. Jolie alipanda na mjukuu wa mzee Trepagnier na watoto wa foleni nzima ya zile nyumba, wakaondoka kuelekea Tolliver, ng'ambo ya barabara kubwa, wakiwa wanaimba. Jua lilipopanda, watoto wa Lavigne walipangwa uani, na mwalimu akaanza kuita majina kwa kipaza sauti. Kutoka jikoni kwa Darnelle yalisikika vizuri sana. Alizima moto, akasimama dirishani, akayasikiliza yote mpaka la mwisho, kisha akauwasha tena.