Mgeni wa Mlangoni

Kikopo kilichopigiliwa kwenye mwimo wa mlango wa mama kilikuwa kimekufa tena, baada ya siku nne, na Loisi alikuwa akikitukana kama mtu anavyomtukana mkwe: kwa sauti ya chini, bila kubakiza neno.

Ndani yake alikuwa amepanga jicho la kunasa mwendo, kibao chenye redio ndogo, na betri mbili alizozichomoa kwenye kompyuta mbovu. Mtu akipita mlangoni, jicho linamwona, redio inatuma habari hadi barazani, Loisi anakotengeneza simu za watu wa Iyula, na kengele inalia mezani pake. Hicho tu ndicho kilichosimama kati ya mama yake na kufuli.

Maana Ezron, kaka yake, mfanyabiashara wa mahindi huko Tunduma, alishatoa hukumu kwa simu. Mara mbili mama yao, Bi Tukuswiga, alikuwa ametoka nyumbani akisema anakwenda kwao Mbebe, alikozaliwa. Mara ya pili alikutwa mtoni, asubuhi ya baridi, magoti yakivuja damu.

“Jumapili nakuja na kufuli. Tunamfungia kwa nje.”

“Kaka, huyo ni mama, siyo gunia la mahindi.”

“Gunia halipotei, Loisi. Na hicho kidude chako kinalala kuliko mgambo wa kijiji.”

Laiti kingelala! Kisa chenyewe kilikuwa kinyume. Mwanzoni kibao kilikesha kikingoja, kikila betri usiku na mchana kama mwombolezaji asiyejua kwamba matanga yamekwisha. Loisi akakifundisha kusinzia: jicho peke yake, lisilokula ila tone, libaki macho; likiona mtu ndipo likiamshe kibao, nacho kiwashe taa nyekundu, kitume habari, kirudi kulala. Kwa hesabu zake betri zingedumu miezi. Zikadumu siku nne. Akabadilisha betri, siku nne. Akawalaani wauza betri, akawalaani kuku, akaulaani upepo. Kengele nayo ililia ovyo kutwa, na kila alipochungulia alimkuta mama palepale kizingitini, hajatoka popote. Basi akasonya, akarudi kwenye simu zake.

Jumamosi asubuhi aliweka betri nyingine, akaacha simu ya mteja ikiwa imefunuliwa matumbo, akaenda kukaa nyuma ya kichanja cha kuanikia kahawa. Akatazama.

Mama alikuja mlangoni. Taa nyekundu ikawaka. Mama akapiga goti, akapiga makofi ya adabu, taratibu, kichwa kimeinama.

“Karibu, mgeni,” akasema kwa Kindali cha utotoni mwake. “Huko utokako hawajambo?”

Taa ikazimika.

“Mbona umenyamaza?” Akasogea kidogo, taa ikawaka, uso ukamchanua. “Ehee! Sisi wazima. Kahawa imeiva vizuri, ila watoto siwaoni.”

Jioni Loisi alitazama hesabu ya miito iliyowekwa na kipokezi cha kengele mezani pake. Mara mia moja na kumi na nane kwa siku moja. Hasira yake ikatafuta pa kutua: kwa Ezron, kwa betri, kwa dunia nzima, mwisho ikamrudia yeye. Alikuwa amechungulia mara zote zile, na hata mara moja hakusema, “Mama, umeshindaje?”

Taa ndiyo iliyokuwa ikimrudisha mama kikoponi, na kila mwamko ukala betri. Akaing'oa. Mama akaja, akakitazama kikopo kwa muda mrefu.

“Ameondoka bila kuaga,” akasema.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Ezron alifika na suti yake ya kanisani na kufuli jipya linalong'aa.

“Betri zinafanya kazi?”

“Zinafanya.”

“Leo. Na kesho?”

“Na kesho!” Loisi alisimama hata kigoda kikaanguka. “Unajua nani alikuwa anazimaliza? Mama. Alikuwa akisalimu taa, kaka, taa! Kutwa nzima, kwa kuwa hapa nyumbani ndiyo pekee iliyomwitikia. Mimi niko hatua kumi, namsonya. Wewe uko Tunduma, unamchagulia kufuli. Haya, mfungie! Ila umwambie mwenyewe, uso kwa uso. Na uanze kwa salamu.”

Ezron akageukia mlango wa mama. Kengele ikalia mara moja.

Bi Tukuswiga alikuwa amesimama kizingitini. Alimwona mwanamume mwenye suti, akapiga goti.

“Mama, usinipigie goti,” Ezron alisema. “Ni mimi.”

“Karibu, mgeni. Umetoka mbali?”

“Tunduma, mama.”

“Pole na safari. Na hukuja mikono mitupu!”

Akalipokea kufuli kwa mikono yote miwili, akaligeuzageuza juani, akalifunga kwenye pindo la kitenge chake. Akapiga makofi ya shukrani, akaingia nalo ndani kwenda kulihifadhi.

Ezron akabaki uani, ameshika funguo mbili.