Samaki Chini ya Xinghuagou

Mwaka ule theluji haikuanguka kabisa, na miaprikoti ilipochanua, ilichanua juu ya ardhi kavu kama majivu ya jikoni. Kisima cha kitongoji chetu cha Xinghuagou kilianza kutoa tope. Unashusha ndoo, unaisikia inagonga chini, unaivuta na kukuta maji mekundu yasiyofika hata nusu.

Wa kutuchimbia kingine alikuwa Tong Delu, mgane mwenye mabega ya punda na ulimi wa nyigu. Visima karibu vyote vya bonde letu vimepita mikononi mwake. Mkuu wa kitongoji naye alikuwa shemeji yake, Yan Xiulan, mke wa mdogo wake aliyekuwa mbali kwenye kazi za ujenzi. Wawili hao hawakuweza kukaa siku nzima bila kuzozana, wala siku nzima bila kuulizana umekula nini.

Shimo lilipita udongo, likapita changarawe, likafika kwenye yale mawe ya kijivu yanayobanduka kama kurasa. Kwetu hakuna anayeshangaa kuona samaki wa kale waliogeuka jiwe ndani ya mawe hayo. Watoto huwaokota makorongoni, wadogo kama kidole, wembamba kama vivuli. Lakini safari hii walikuwa wamelaliana jiwe zima, na katikati yao ulichomoza mkia mpana usio wa samaki mdogo hata kidogo.

Delu alipandisha kipande kimoja kwenye ndoo. Xiulan akakigeuza mikononi, kisha akainama ukingoni mwa shimo.

"Ishia hapo hapo! Nampigia simu yule binti wa makumbusho ya wilaya."

"Shemeji, umerogwa?" sauti ilipanda kutoka chini. "Hawa wamekufa tangu enzi za dinosaria. Hawana kiu. Wenye kiu ni sisi!"

"Sheria inasema vitu vya kale..."

"Basi sheria ije itutekee maji!"

Tuliokuwa kwenye foleni na ndoo zetu tulicheka, na wengi tulikuwa upande wa Delu. Mimi siku hizo nilikuwa nikinawia uso maji yaliyokwisha kuoshea mboga.

Xiulan alipiga simu hata hivyo. Binti alijibu kwamba angefika kesho yake. Delu alipanda juu, akavua glavu, akampita shemeji yake kama anayepita nguzo, na jioni hakwenda kula nyumbani kwa Xiulan kama ilivyokuwa desturi. Xiulan alimpelekea bakuli la uji wa mawele na kabichi ya kuchachusha. Kulipokucha alilikuta mlangoni palepale alipoliweka, na Delu hayumo ndani.

Alitimua mbio hadi kisimani. Kamba ilikuwa imeshuka. Guo, mwendesha winchi, alikuwa ameketi kando akijifanya anafunga viatu.

"Yuko chini?"

"Yuko chini."

"Na nyundo?"

"Sasa ashuke na nini, maua?"

Xiulan aliita. Hakukusikika nyundo wala tindo, na hewa ya visimani imewahi kutuulia watu. Alikuwa anamwamuru Guo avute kamba wakati sauti ya Delu ilipokuja, ya taratibu, kama ya mtu aliye chumba kimoja na mtoto aliyelala.

"Shemeji. Hebu shuka uone."

Xiulan hakuwahi kushuka kisimani maishani mwake. Alijifunga kamba, akafumba macho, akashushwa. Chini alimkuta Delu amechuchumaa, taa ya kofia yake ikimulika jiwe.

"Nilikuja kulivunja kabla mgeni wako hajafika," alisema bila kuulizwa. "Nilipiga mara moja tu. Tabaka la juu likabanduka lote."

Samaki mwenye mkia mpana alikuwa wazi mbele yao, mrefu kuliko mkono wa mtu mzima, pua imechongoka, ngozi haina magamba, mifupa myeusi kana kwamba imechorwa kwa wino. Mdomoni alikuwa na samaki mdogo, nusu ndani, nusu nje.

"Alikuwa anakula," Delu alisema.

"Naona."

"Hakumaliza, shemeji. Kitu gani kinamfikia kiumbe ghafla hivyo, asimalize hata tonge?"

Xiulan alijua ni nani aliyekuwa anafikiriwa. Mke wa Delu alianguka mezani, vijiti vya kulia mkononi, chakula bado kinafuka moshi, na tangu siku ile ya mazishi Delu hakuwahi kulizungumza. Xiulan alimwekea mkono begani, wakakaa vile mpaka Guo akapiga kelele juu kuuliza kama wote wawili wamekufa.

Binti wa makumbusho, Bai Ruoning, alifika na gari dogo lililojaa vumbi. Alitutazama sisi na ndoo zetu, akamgeukia Xiulan.

"Mama, nikisema msubiri wataalamu kutoka mkoani, nitapigwa?"

"Na mimi, hapana," Xiulan alimjibu. "Hawa wengine siwasemei."

Bai alisogea pembeni akaongea na simu muda mrefu, akitikisa mkono kana kwamba wakubwa wake wanamwona. Aliporudi alisema ameruhusiwa kulitoa jiwe bila kusubiri, mradi apatikane wa kulikata pembeni bila kulipasua. Sote tulimgeukia Delu.

"Utaweza, mzee?" Bai aliuliza.

"Mzee ni baba yako. Lete tindo."

Walishuka pamoja. Delu alikata polepole, Bai akipangusa unga wa mawe kwa brashi na kumweleza kwamba hapa palikuwa na ziwa, na kwamba huenda majivu ya volkano yaliliangukia, maji yakakosa hewa.

"Aliteseka?" Delu aliuliza.

"Sidhani ilichukua muda."

"Hudhani, au unajua?"

Bai aliacha kupangusa. "Sijui. Hakuna anayejua."

Delu akaitikia kwa kichwa polepole, akaendelea kukata. Baadaye alimwambia Xiulan kwamba siku ya mazishi kila mtu alimhakikishia mkewe hakusikia maumivu, na hakumwamini hata mmoja wao.

Jiwe lilipandishwa likiwa limefungwa kwenye magodoro ya Xiulan. Karibu na ukingo kona moja iligonga ukuta, ikameguka na visamaki vyake. Bai alipiga ukunga, kisha akaokota vipande kimoja kimoja, akivitia kwenye kofia yake. Delu hakuamini dereva yeyote na mzigo ule. Alipanda nyuma ya gari, akalikumbatia jiwe hadi mjini.

Aliporudi alishuka tena shimoni. Chini ya samaki kulikuwa na mawe mengine ya kijivu, tukaanza kukata tamaa, kisha mchanga, na mchanga ukawa na unyevu. Adhuhuri moja ndoo ilipanda ikimwagika.

Maji yalikuwa na rangi ya chai. Delu, ametapakaa tope hadi kwenye nyusi, alituamuru tuyaache yatulie mpaka kesho, na Xiulan, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akamuunga mkono. Hatukuwasikiliza. Tuliyabeba hivyo hivyo hadi uani, tukakaa juani, tukaoshana nywele.