Likizo ya Miezi Kumi na Minne

Masjala ya kumbukumbu za jeshi ilikuwa na makarani wanne, na watatu kati yao walikuwa hawasomi. Si kwamba hawakujua. Walijua, tena mmoja alikuwa na miwani ya bei mbaya. Ila faili likifika mezani waliangalia mambo matatu tu: namba, tarehe na muhuri. Yakikaa sawa, faili lilirudi kabatini na karani akarudi kwenye chai yake. Wa nne alikuwa mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimbandika jina la Mchokonozi, maana yeye alisoma kila kilichoandikwa, hata maelezo ya nyuma ya pakiti ya sabuni. Kwa miaka mingi udadisi huo haukumletea faida yoyote zaidi ya kuchelewa kwenda nyumbani.

Jumatatu moja akahamishiwa dirisha la maombi ya marekebisho, na mtu wa kwanza kusimama mbele yake alikuwa Mzee Likizo.

Jina hilo alipewa na wastaafu wenzake, na halikuwa la mapenzi. Faili lake lilisema kwamba vita vilipopamba moto, wenzake wakizikana, yeye alikuwa kwake kwa likizo ya dharura, miezi kumi na minne. Mwenyewe alisema miezi hiyo yote alikuwa mateka wa adui. Kwa miaka kumi na moja alikuja kuomba kumbukumbu irekebishwe, na kwa miaka kumi na moja alipigwa kalenda: njoo mwisho wa mwezi, njoo bosi akirudi, njoo na shahidi. Mkewe alimsindikiza kila mara. Alikaa kwenye benchi la ukutani, mfuko wa nyaraka mapajani, kimya kama maji ya mtungini.

Safari hii mzee alikuwa na haraka. Kambini walikuwa wanatengeneza ubao wa shaba wenye majina ya wote waliotekwa, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo.

"Ubao nautaka, mwanangu, sikufichi," akamwambia Mchokonozi. "Lakini zaidi ya ubao nataka kujua nani aliniacha kule."

Mchokonozi akamwomba aketi amweleze toka mwanzo. Mzee akamtazama kwa mashaka, kwani hakuna karani aliyewahi kumwomba kitu kama hicho. Kisha akaeleza.

Vitani alikuwa fundi wa nyaya za simu. Alfajiri moja simu ya kombania ilikufa, na kamanda akamwambia kwa mdomo tu, nenda kaangalie. Hapakuwa na muda wa kuandika amri. Akaushika waya mkononi, akaufuata gizani hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye korongo alipokuta umekatwa. Waliokuwa wameukata walikuwa wameketi hapo hapo wakimngoja mtu atakayekuja kuuunga. Walimpeleka kwenye kambi ya mateka, akachanganywa na askari wa vikosi vingine asiowajua. Mwezi wake wa tatu pale, pande mbili zikakubaliana kubadilishana mateka. Jina baada ya jina likasomwa kutoka kwenye orodha iliyotoka upande wetu, na kila aliyesomwa alipanda lori. La kwake halikusomwa. Alipouliza, ofisa wa adui alimjibu bila ubaya wowote, "Wenu wanasema hawajakupoteza." Akabaki miezi kumi na mmoja mingine, hadi vita vilipokwisha.

Aliporudi akaambiwa ameripoti kutoka likizo. Mwanzoni alidhani ni utani. Baadaye akajijibu mwenyewe: kamanda alimtuma mtu bila amri ya maandishi, na alipoona mtu harudi akajikinga kwa kumwandikia likizo. Kwa hiyo alimchukia kamanda huyo kwa moyo wote. Kamanda alipofariki, kombania nzima ilikwenda kumzika isipokuwa yeye.

"Hata pole sikupeleka," akasema, na akasema hivyo kwa fahari kabisa. Mkewe alikuwa anaangalia sakafu.

Mchana ule Mchokonozi akalitoa faili kabatini. Lilikuwa nene, limelala miaka, na vumbi lake lilimpigisha chafya mara nne. Ndani alikuta majibu sita ya kukataa, yote yakisema jambo moja: muhuri wa likizo ni halali, mwombaji hana shahidi. Wote sita waliojibu walikuwa wameutazama muhuri. Yeye akaanza kusoma ukurasa wa kwanza, kuanzia urefu wa mtu na saizi ya viatu.

Mzee alikuwa na saini nzuri, yenye mkia mrefu unaozunguka na kurudi chini ya jina. Alisaini alipoandikishwa, alipopewa sare, alipooa, alipopewa kota ya familia pale kambini. Karatasi kumi na saba, saini kumi na saba. Akaifikia karatasi ya likizo. Sababu: ugonjwa wa nyumbani. Muda: hadi atakapoitwa. Tarehe: siku mbili baada ya ile alfajiri ya waya. Muhuri ulikuwa safi kabisa. Na mahali pa saini palikuwa na alama ya dole gumba.

Moyo ukamwenda mbio kwa raha, maana hii ndiyo saa aliyozaliwa kwa ajili yake. Mtu anayejua kuandika, tena mwenye saini ya kuringia, atie dole la nini? Akamwonyesha mwenzake wa miwani. Mwenzake akapiga miayo, akasema labda kalamu ziliishiwa wino kwa ajili ya vita.

"Wino wa kalamu ukaisha, wa kidole ukabaki?" akauliza Mchokonozi, akarudi mezani kwake bila kungoja jibu.

Akachukua kioo cha kukuzia. Dole lilikuwa dogo, jembamba, na mstari mweupe ulilikata kimshazari kutoka upande hadi upande, kovu. Mtu aliyeumia kwa kisu siku nyingi. Akatazama alama za vidole za mzee zilizochukuliwa alipoandikishwa: madole mapana, hayana kovu lolote. Basi kuna mtu mwingine aliyemwombea likizo fundi wa nyaya wakati fundi mwenyewe yuko kwenye kambi ya mateka. Nani? Kamanda alisaini kwa kalamu kila mahali. Karani wa kombania pia. Mchokonozi alijiambia ataondoka saa kumi. Saa kumi na moja alikuwa bado anapekua.

Lile dole alilipata kwenye fomu ya kota. Kila familia iliyopewa nyumba kambini ilijaza fomu hiyo: jina la askari na saini yake, jina la mke na saini yake au dole. Mke hakujua kuandika, akatia dole. Dogo, jembamba, na mstari mweupe kimshazari.

Aliziweka karatasi mbili bega kwa bega, akazitazama, na ile raha yote ikamtoka. Chini ya fomu, kwa herufi ndogo ambazo nadhani aliyezipiga chapa ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzisoma, palikuwa na sharti: askari akitoroka, au akikosekana siku saba bila amri ya maandishi, familia yake itaondoka kota. Kwenye mstari wa watoto palikuwa na mmoja. Mchokonozi akapiga hesabu ya tarehe. Siku ya ile alfajiri, mtoto huyo alikuwa na wiki tano.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walimfundisha shuleni. Hawakumfundisha la kufanya na jibu ambalo angetamani asingelipata. Angeweza kulirudisha faili kabatini; muhuri ulikuwa halali. Lakini mzee alitaka kujua nani alimwacha, na ubao ulikuwa unafungwa Ijumaa.

Alhamisi akawaita mzee na mkewe. Akampa mzee karatasi akatoe nakala kwenye mashine ya mwisho wa korido, ile inayokwama, ili apate muda. Kisha akaligeukia benchi.

"Mama, samahani. Naomba kuona dole gumba lako la kulia."

Yule mama hakuuliza la nini. Alinyoosha mkono, na kovu lilikuwepo, limefifia lakini lipo.

"Nimekuja hapa miaka kumi na moja," akasema, "nikingoja mtu aniombe hivyo. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa natamani."

Akaeleza kwa sauti ya chini. Siku mbili baada ya mumewe kupotea, karani wa kombania alimjia kwa huruma. Alimwambia mumewe hana amri ya maandishi. Siku saba zikitimia ataandikwa mtoro, na yeye na kichanga watatolewa nje. Nje wapi, na vita vile? Weka dole hapa badala yake, shemeji, akamwambia, ni kwa siku mbili tatu tu, akirudi tunaichana. Juma lililofuata karani huyo akauawa, na karatasi ilikuwa imeshakwenda makao makuu. Mateka walipobadilishwa, na waliorudi wakasema mumewe amebaki kule, akaelewa kwamba karatasi ile ndiyo iliyolitoa jina lake orodhani. Alitaka kwenda kusema, lakini alikuwa ametia dole kwenye uongo wakati wa vita, na mtoto alikuwa mgongoni. Akanyamaza. Na mume aliporudi amekonda, akimlaani kamanda, akanyamaza tena, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akamalizia. "Usimwambie wewe. Nitamwambia mimi."

Mzee akarudi na nakala zake, ameudhika na mashine. Mkewe akasimama. Akamwambia yote akiwa amesimama, bila kulia, huku Mchokonozi akikodolea macho kalamu yake kama mtu asiyekuwepo. Alipofika kwenye dole, mzee alimkatiza.

"Yaani walipokuwa wanasoma majina, mimi nasubiri langu, wewe ulikuwa unajua?"

"Siku ile sikujua. Nilijua wenzako waliporudi."

"Miezi kumi na mmoja."

"Miezi kumi na mmoja, Baba watoto. Kila siku yake."

Mzee akaziweka nakala mezani, akazipanga vizuri zisizidiane, akatoka. Walimsikia akitembea koridoni, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mchokonozi alimhurumia, na akajichukia kwa kile kioo chake. Lakini kazi ilikuwa haijakwisha, na kwa kuipekua tena fomu ya marekebisho aliona kitu ambacho kingemchekesha siku nyingine. Kwa miaka kumi na moja walimtaka mzee shahidi, naye akawatafuta mateka wenzake akakuta wamekwisha kufa. Kumbe mtu pekee aliye hai anayejua kwa hakika kwamba hakuwa nyumbani ni yule aliyekuwa nyumbani. Akamweleza mama. Akamweleza pia kwamba ushahidi ukiandikwa, kosa lake litaandikwa pamoja nao, na litakaa kwenye faili daima.

"Andika," akasema mama, akatia dole kwenye kidau cha wino.

Mzee alirudi baada ya kama saa nzima. Macho yalikuwa mekundu. Hakumtazama mkewe. Akachukua kiti kilichokuwa karibu na mlango, mbali naye, akaomba karatasi aisome. Aliisoma taratibu. Shahidi anajuaje: "Angekuwa likizo angekuwa kwangu, na kwangu hakuwepo. Nililala na mtoto peke yangu miezi kumi na minne." Hapo akaisoma mara ya pili.

"Sikumzika kamanda," akasema hatimaye, bila kumwambia mtu yeyote. Kisha akauliza, bado anaangalia karatasi, "Mtoto alianza kutembea lini?"

"Mwezi wa kumi na mmoja," akasema mkewe. "Ndani ya ile kota. Kutoka kitandani mpaka mlangoni."

"Na wangewatoa?"

"Wa jirani walitolewa. Mumewe hakuonekana tena, na watoto wake wawili hawakumaliza mwaka."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza Mchokonozi watamfanya nini huyu mama. Mchokonozi akasema baada ya miaka yote hii hakuna atakayemfanya chochote, ila kila atakayelifungua faili atasoma.

"Basi na asome," akasema mzee. "Nimechoka kuandikwa uongo. Hata ule wa kunifaa siutaki tena."

Akasaini, na mkia wa saini ukazunguka kama zamani. Ilibaki nafasi moja. Kwa utaratibu wa masjala, mahali hapo karani haruhusiwi kujaza kwa kudhani, hata kama jibu analijua. Lazima mwombaji alitamke kwa kinywa chake. Mchokonozi alitamani utaratibu huo ungekuwa wa ofisi nyingine.

"Uhusiano wa shahidi na mwombaji," akasoma.

Karani wa miwani, kule kwake, aliacha kugonga mihuri. Mama alikuwa anatazama dole lake lenye wino. Mzee akainuka, akakibeba kiti chake kutoka mlangoni, akakiweka ubavuni kwa yule mama, akaketi.

"Mke wangu," akasema. "Andika hapo, mke wangu."